Kompyuta za dukani zinagoma, kaka amekataza zisiguswe

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na tisa, na nina duka la steshenari hapa Morogoro. Natoa kopi, naprinti, nafanya laminesheni, napiga picha za pasipoti. Zaidi ya hayo nawasaidia watu mambo ya mtandaoni: maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi wa vyuo, uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa, TIN, marejesho ya kodi kwa wafanyabiashara wadogo wa hapa jirani. Kalamu na madaftari hulipa umeme tu. Kodi ya fremu na ada za watoto zinatoka kwenye kompyuta.

Kompyuta zenyewe ziko tatu. Alininunulia kaka yangu mkubwa baada ya mume wangu kufariki, na wema huo siwezi kuusahau. Zote zina Windows 7, na zote zinatumia kivinjari kimoja, Chrome ya zamani. Muda mrefu sasa nikiifungua naona juu ya ukurasa ujumbe kwamba ili niendelee kupata matoleo mapya nahitaji Windows 10 au zaidi. Nilikuwa nabonyeza alama ya kufunga, ujumbe unaondoka, kazi inaendelea.

Mwaka huu kazi imeanza kukataa. Kuna mfumo nikiufungua unaleta ukurasa mweupe. Mwingine unafunguka vizuri, mteja anajaza kila kitu, ukifika kwenye kitufe cha kuwasilisha unabonyeza wee, kimya. Juzi binti mmoja alihangaika nao, mwisho akatoa simu yake akamalizia palepale mbele ya meza yangu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa anti, nikulipe ya nini?" Nilicheka naye, lakini iliniuma.

Nina kijana ananisaidia dukani, mwepesi wa kompyuta. Yeye anasema dawa ni moja. Ana flashi yenye Windows 10 iliyokrakiwa, haina malipo. Nikimruhusu, Jumapili moja atapiga Windows mashine zote tatu, ataweka Chrome mpya, na Jumatatu tunafungua kama kawaida. Anasema nikichelewa, dirisha la mikopo likifunguliwa wanafunzi wote watahamia duka la ng'ambo ya barabara.

Nilipompigia kaka alikuja juu. "Kitu kinachofanya kazi hakiguswi." Ana sababu. Mashine moja ina programu ya stoo na madeni ambayo rafiki yake alimtengenezea mwaka 2014, nayo haifunguki popote isipokuwa kwenye Internet Explorer. Humo ndimo yamo madeni ya wateja wote, zikiwemo shule mbili zinazochukua karatasi kwa mkopo. Huyo rafiki siku hizi hapokei simu. Pia mashine yangu ya kopi ni ya zamani, ilikuja na CD ya draiva, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, ambayo sijui iko wapi.

Na mimi nina hofu yangu, tofauti na ya kaka. Miaka ya nyuma fundi mmoja aliwahi kunipigia Windows kwenye laptopu, kila kitu kikapotea, hata picha za harusi yangu. Sasa hapa dukani kuna nywila. Wateja wangu wanasahau sana. Kwa hiyo nikimfungulia mtu akaunti, kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, nabonyeza ndiyo. Ziko mamia humo. Mwanafunzi anarudi baada ya mwaka mzima, "Anti, nimesahau nywila," natafuta jina lake, namtajia, anaondoka na furaha. Wengi wananipendea hilo. Tena barua pepe nyingi nilizowafungulia nimeweka namba yangu ya simu, kwa sababu wakati ule hawakuwa na laini zao. Sasa nikipiga Windows hizi nywila zikafutika, nitawaambia nini watu wangu?

Fundi mwingine ameniambia niachane na hizi, ninunue kompyuta ya mtumba yenye Windows yake halali kwa laki nne. Kwa sasa sina laki nne za kuweka mezani.

Naomba uniambie, nimsikilize kaka au nimsikilize kijana? Nibadilishe sasa au nisubiri msimu wa mikopo upite? Nikibadilisha kimyakimya na kaka akaja kujua, atasema nimemdharau. Nikikaa hivihivi, naona wateja wanaondoka mmoja mmoja.

Mama Steshenari, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yote, na pole kwa picha za harusi, maana nimeona zilivyojipenyeza katikati ya habari za Windows.

Umeniuliza umsikilize nani kati ya watu wawili. Nimeisoma barua yako nikaona hofu tatu ndani yake, na kila moja ina mwenyewe. Kaka anaogopa kupoteza daftari la madeni. Kijana anaogopa msimu kupita mkiwa mmekaa. Wewe unaogopa kuwaangusha watu waliokuamini na nywila zao. Hizo hofu hazipingani. Ila mpango wa kijana, wa mashine zote tatu kwa Jumapili moja, unazigonganisha, na "hakiguswi" ya kaka nayo inazigonganisha.

Nianze na ukweli wa mashine, kwa sababu nadhani umeelezwa nusunusu.

Ule ujumbe uliokuwa unaufunga haukuwa tangazo la biashara. Toleo la mwisho la Chrome linalokubali Windows 7 ni la 109, lililotoka Januari 2023. La 110, mwezi uliofuata, likadai Windows 10 kwenda mbele. Microsoft wenyewe walikuwa wameshaacha kuihudumia Windows 7 tangu Januari 14, 2020. Kwa hiyo ukisema "nisasishe Chrome" utakuwa unasema kitu ambacho kwenye mashine zako hakipo. Chrome yako imefika mwisho wa barabara yake, na kuivusha kunataka kubadilisha kilicho chini yake. Ndiyo maana kijana amerukia moja kwa moja kwenye Windows, na hapo ameelewa vizuri.

Ukurasa mweupe na kitufe kisichoitika navyo vina maelezo. Watengenezaji wa mifumo huandika kwa lugha ambayo vivinjari vipya vinaielewa, na kivinjari cha 2023 kikikutana na neno kisilolijua husimama hapohapo, mara nyingi bila kusema lolote. Lakini usihukumu kabla ya kupima. Siku za mwisho wa maombi mifumo huzidiwa na watu hata kwa mwenye kompyuta mpya. Na kompyuta ya siku nyingi betri yake ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na kivinjari chochote kitakataa kurasa nyingi kwa kudhani vyeti vyake vya usalama si halali. Angalia saa na tarehe pale kwenye kona. Ni jambo la bure.

Yule binti alimaliza kwa simu. Hilo linaonyesha mfumo ulikuwa mzima na mtandao ulikuwepo, kwa hiyo kidole kinaelekea kwenye kivinjari chako. Ila pia linaonyesha kwamba simu yake, au yako, inaweza kukuvusha leo na kesho wakati unafikiri. Alikuwa amekaa mbele yako muda wote, ulimwelekeza nini kijazwe wapi, na ungeweza kumwambia hicho ndicho anacholipia. Utaalamu wako wa kujua fomu haumo ndani ya Chrome.

Kuhusu kaka. Anaposema kitu kinachofanya kazi hakiguswi, kuna mahali yuko sahihi kuliko kijana anavyodhani. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 15, 2022, na Februari 2023 Microsoft wakaizima kwenye Windows 10. Kijana akipiga mashine zote Jumapili, Jumatatu asubuhi programu ya madeni haitafunguka kwa njia mliyoizoea, na shule zako mbili zitakuwa na furaha kuliko wewe. Upo mlango wa pembeni: kivinjari cha Edge kina namna ya kufungua kurasa kwa mtindo wa Internet Explorer, na Microsoft wameahidi kuiacha hadi angalau 2029. Huenda programu ya rafiki wa kaka ikakubali humo, huenda ikakataa. Jambo hilo linajulikana kwa kujaribu tu, tena kwenye mashine ambayo haina kitu cha kupoteza.

Na kaka ana ushahidi mwingine hata kama hajausema. Si kweli kwamba jipya halivunji kitu. Kivinjari kingine, Firefox, kilipotoa toleo la 57 mwezi Novemba 2017, viongezo vingi vya zamani, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo, vilikufa siku moja, na watu waliokuwa wamejenga kazi zao juu yake walilalamika kwa haki. Flash, programu iliyokuwa inachezesha video na michoro kwenye kurasa za mtandao, ilipozimwa mwisho wa 2020, ofisi zilizokuwa na mifumo ya Flash zilibaki zinatazama skrini tupu. Kwa hiyo anayeogopa kusasisha si lazima awe mjinga au mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyewahi kuungua.

Lakini neno lake lina shimo katikati. Anasema "kinachofanya kazi", na wewe umeniandikia kwa sababu hakifanyi. Programu ya madeni inafanya kazi. Kivinjari cha wateja hakifanyi. Vimekaa kwenye mashine zilizonunuliwa siku moja, ndiyo maana mnaviongelea kama kitu kimoja. Sidhani kama mtu yeyote amewahi kumtenganishia kaka hayo mawili kwenye simu. Labda hata wewe hukuwa umeyatenganisha.

Sasa hizi nywila, mwanangu. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi na barua yako.

Umeandika kama vile hatari ni kuzipoteza. Mimi nimesoma nikaogopa upande wa pili. Kivinjari kisichopata marekebisho ni kama kufuli ambalo kiwanda kimeshatangaza hadharani lina kasoro wapi, kisha kikawagawia makufuli mapya wateja wengine wote. Ndivyo inavyokwenda: kila toleo jipya linapoziba tundu, habari za tundu hilo huenea, na aliyebaki nyuma anabaki nalo likiwa linajulikana. Septemba 2023, kwa mfano, ilionekana kasoro kwenye sehemu inayosoma picha za aina ya WebP. Ilitosha mtu afungue ukurasa wenye picha iliyotengenezwa kwa hila. Chrome, Firefox na wengine walikimbia kutoa kiraka ndani ya siku chache. Kasoro za uzito huo zimeendelea kupatikana kila mwaka tangu hapo. Na kwenye mashine zako, nyuma ya kufuli hilo, umeweka mamia ya nywila za watoto wa watu.

Tena hata bila mwizi wa mbali. Kama Windows zako hazina nywila ya kuingilia, na maduka mengi hayana kwa sababu ni usumbufu, yeyote anayekaa kwenye kiti hicho anaweza kufungua orodha na kuisoma. Kijana wako anaweza. Mteja aliyeachwa peke yake wakati wewe umetoka kuchukua chenji anaweza. Sisemi wamefanya.

Najua ulianza hivi kwa upendo, na najua wanakupendea hilo. Nakuuliza tu: mwanafunzi anaporudi ukamtajia nywila yake mbele ya foleni, anaondoka na kitu chake, au anaondoka akiwa anakutegemea zaidi? Na siku ukiugua, au ukifunga duka, au laini yako ya simu ikipotea, yule aliyeko chuoni Mbeya mwenye barua pepe iliyofungwa kwa namba yako atafanyaje? Nchini kwetu sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inawagusa wanaokusanya na kutunza taarifa za watu. Sikutishi nayo. Naitaja kwa sababu mazoea haya yalianza wakati hakuna aliyekuwa anauliza, na sasa wapo wa kuuliza.

Upande wa kuzipoteza nao ni wa kweli, na hapa kijana asipokuwa mwangalifu atakuumiza. Chrome huzifunga nywila kwa ufunguo ulioshikamana na Windows ya mashine hiyohiyo. Kunakili folda ya Chrome kwenye flashi kisha kupiga Windows upya hakusaidii. Folda itarudi, nywila hazitafunguka. Njia ni kuzitoa kabla, kwenye mipangilio ya nywila kuna sehemu ya kuzihamishia kwenye faili. Lakini faili hilo linatoka likiwa wazi, kila jina na nywila yake vinasomeka kama orodha ya bei. Likisahaulika kwenye flashi ambayo kesho mteja ataazima kuprintia, basi umefanya wewe kazi ya mwizi. Wengine watakwambia uziingize zote kwenye akaunti yako ya Google zikae huko. Zitakuwa salama dhidi ya kupiga Windows, ndiyo, na utakuwa umehamishia kwenye jina lako funguo za watu ambao hawakukuomba hivyo.

Ipo njia ya taratibu ambayo haihitaji kompyuta mpya wala ruhusa ya kaka. Kila mteja anayekuja kuulizia nywila, badala ya kumtajia, unakaa naye anaibadilisha mwenyewe kwenye simu yake, anaweka namba yake pale ilipo yako, na wewe unafuta ya kwako mbele ya macho yake. Wengi wamekwishapata laini zao sasa. Itakuchosha, na wapo watakaonung'unika. Unaweza kuitoza kama huduma, hilo ni lako na dhamiri yako. Na kwa wateja wapya, fungua dirisha la faragha la kivinjari, ambalo likifungwa halibaki na nywila wala akaunti iliyo wazi.

Baada ya hapo, swali la kivinjari linakuwa jepesi kidogo, kwa sababu halibebi tena watu wote hao.

Basi tuangalie ulivyonavyo. Kwanza, mbona mnaongea kama lazima kimoja kitoke ndipo kingine kiingie? Vivinjari viwili hukaa kwenye mashine moja bila kugombana. Firefox wana toleo la 115, la Julai 2023, walilolitenga kwa ajili ya watu waliobaki Windows 7 na 8, na wamelipelekea viraka vya usalama kwa muda mrefu, wakisogeza mwisho wake mbele zaidi ya mara moja. Kabla hujaliweka, angalia kwenye tovuti yao kama bado wanalihudumia. Uzuri wake ni kwamba halikugharimu ila bando kidogo, na Chrome yako inabaki palepale. Udhaifu wake ni kwamba linapata viraka, halipati uwezo mpya, kwa hiyo kile kitufe kinaweza kukataa humo pia. Na siku zake zinahesabika. Litakununulia muda kwa kaka, lakini si suluhisho la kudumu kwa wanafunzi wako.

Windows 10 ya flashi. Naielewa, mtaa mzima unaitumia. Lakini programu inayokraki Windows huomba uzime kinga ya virusi ndipo ifanye kazi yake, na hakuna anayejua ni nini kingine kilichoingia mlango ukiwa wazi. Unafanya hivyo kwenye mashine ambayo mteja ataandikia namba ya kitambulisho chake na taarifa zake za benki. Halafu Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, ingawa vivinjari vimeendelea kuikubali. Windows 11 inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 na chipu ya usalama ambayo kompyuta za umri wa zako kwa kawaida hazina. Kijana amekuambia dawa ni moja. Muulize hiyo dawa inatibu kwa muda gani, na usimuulize kwa hasira, maana yeye ndiye pekee katika hadithi hii aliyejitolea Jumapili yake.

Wapo wanaohamia Linux, mfumo unaokaa kwenye kompyuta badala ya Windows, kama Linux Mint, ambayo ni bure na halali na inakaa kwenye mashine za zamani zenye gigabaiti 2, ingawa wenyewe wanapendekeza 4. Kivinjari kinakuwa cha leo kabisa. Gharama iko kwingine: wewe na kijana mtajifunza upya, programu ya kaka usitegemee ifunguke humo, na mashine ya kopi inaweza kukugomea. Kwa steshenari hilo la mwisho si dogo.

Na zile laki nne. Uliniambia huna, nami nimekusikia. Nimejiuliza tu kama fundi alikuwa anaongelea mashine tatu kichwani mwako au moja. Mashine moja ya mtumba yenye Windows halali, ikiwa ndiyo ya maombi ya mtandaoni, ya pili ikibaki ya kuchapa barua na kuprinti, na ile ya madeni ikiachwa na Internet Explorer yake lakini waya wa intaneti umechomolewa, ingewaacha kaka na kijana wote wawili na kitu mkononi. Hatari yake ni mkopo wa biashara wakati mapato yanayumba, na foleni kwenye kiti kimoja siku za mikopo. Wewe ndiye unayejua kama unaweza kukusanya fedha hiyo kwa mchezo wa kina mama au kwa kuwadai zile shule.

Ukisubiri msimu upite, nako kuna maana yake. Kubadilisha mtambo foleni ikiwa mlangoni ni kujitafutia presha. Lakini msimu huo ndio unaoleta nywila mpya nyingi kuliko miezi yote, na ndio utakaokuonyesha kama wateja wanaondoka kweli au kijana anakutisha.

Umeniuliza pia kuhusu kufanya kimyakimya. Mwanangu, kaka aliyekushika mkono ukiwa kwenye eda hapaswi kusikia kwa mtu mwingine kwamba mashine zake zimepigwa Windows. Lakini kumwambia si sawasawa na kumwomba ruhusa. Ulipompigia, nadhani ulianza na "nataka kubadilisha kompyuta", akasikia "ulichonipa hakifai". Jaribu kuanza na madeni. Mwambie unataka yawe salama hata mashine ikiungua kesho, kwa sababu hiyo hatari ipo ukigusa na ipo usipogusa, ni kompyuta za umri huo. Mwombe amtafute yule rafiki yake kwa njia zake, kwani huenda simu yako hapokei akapokea ya kwake. Na wakati mnamtafuta, printa yako iko mbele yako: fungua orodha ya madeni, itoe kwenye karatasi kurasa zote, weka kwenye faili nyumbani. Kaka akijua daftari liko salama, labda ataongea tofauti kuhusu kivinjari. Labda hatabadilika. Lakini utakuwa unajua anachokataa ni nini hasa.

Kijana naye apewe kazi inayolingana na hamu yake. Ajaribu Firefox kwenye mashine moja isiyo ya madeni, aandike mfumo gani umekubali na upi umekataa, wiki moja tu ya kazi ya kawaida. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, mazungumzo na kaka, na fundi, na hata moyo wako, yatakuwa ya mambo yaliyoonekana.

Na nyuma ya mashine ya kopi kuna kibandiko chenye jina la modeli. Mwambie aandike na hiyo, aitafute kwenye tovuti ya waliotengeneza kama draiva ya Windows 10 au ya Linux ipo. Sijui itasema nini, ila nimeona maduka ambayo kitu hicho kidogo ndicho kilichoamua yote. Ukishaipata niandikie tena, tuone njia zipi zimebaki.